Matairi ya Theluji kwenye Njia ya Salalah

Siku niliyostaafu na kurudisha ufunguo wa kabati langu kwenye duka la matairi, Hilal, kijana wa kaunta, alinifuata mpaka kwenye gari.

"Khala Asila, tuandikie yale unayowaambia wateja. Tukiyasema sisi, wanatutazama kama tunataka kuwauzia kitu."

"Kwani hamtaki kuwauzia kitu?"

"Tunataka. Hata wewe ulikuwa unataka. Lakini wewe walikuwa hawakustukii."

Basi naandika, na Hilal akiona nimemsema, ajue kayataka mwenyewe. Nayaandika nyumbani kwangu Amerat, asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya milima na kuanza kuchoma kuta. Ya vyeo sitayagusa. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na funguo zaidi za kubeba. Nitawaeleza siku za mwanzo, mtu aliyenifundisha, baadhi ya kesi zilizonisumbua, na lile swali ambalo kila mwaka huletwa na mtu aliyerudi kutoka Ulaya: matairi ya baridi, yale ya kukanyagia theluji, yana faida ya kuyanunua kwa dereva wa kawaida? Jibu fupi nakupeni hapa hapa: kwa dereva wa Maskati, hapana. Lakini katika miaka yangu yote sikuona jibu fupi likimvua mtu tairi. Ndiyo maana nikaishi kwa majibu marefu.

Duka letu la kwanza lilikuwa Wadi Kabir, katikati ya magereji, na wengi wenu hamkuliona. Lilikuwa na mlango mmoja wa chuma, mashine moja ya kuvulia matairi, na feni iliyokuwa ikisukuma joto kutoka pembe moja kwenda nyingine. Niliajiriwa kuandika risiti, kwa sababu nilijua Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza, na mwenye duka alichoka kupokea simu kwa ishara za mikono. Nyumbani mama yangu aliuliza swali moja tu: "Mtoto wa kike na matairi, wapi na wapi?" Baba akamjibu kuwa hata yeye alipokuja kutoka Unguja hakuna aliyemuuliza anapenda kazi gani.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe isiyo na hata kunyanzi. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akasema, "Mwite mwanamume."

Fundi mkuu alikuwa chini ya gari la mzee yule, miguu tu inaonekana. Kwa sauti kutoka sakafuni akasema, "Mwanamume ndiye huyu. Lakini akitoka huku chini atakwambia umuulize yule dada."

Huyo ndiye Ustadh Duro, Mbulushi aliyezaliwa Mombasa. Alisema Kiswahili cha Mombasa, Kiarabu cha Batina, na Kihindi cha sinema. Mrefu, mwembamba, vidole vyeusi hata siku ya Idi. Wiki yangu ya kwanza alinikataza kukaa kaunta. Alinipeleka nyuma ya duka, penye rundo la matairi yaliyotolewa kwenye magari, akasema, "Soma."

"Nisome nini?"

"Yameandikwa mbavuni. Wewe mtu wa Unguja, kwenu si mnaandika majina kwenye masinia ya harusi ili yasipotee? Basi na haya vile vile. Soma jina lake, umri wake, na joto gani laweza kustahamili."

Nikasoma. Nilijifunza kuwa tairi lina namba za upana na za ringi, alama ya uzito linaoweza kubeba, herufi ya mwendo, na kwenye matairi mengi herufi nyingine ya joto, ambapo A ndiyo bora. Nilijifunza kutafuta tarakimu nne ndani ya kiduara kilichobonyea: mbili za kwanza ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Nilitazamia kukuta matairi yote pale yana upara, yaani kashata zake, yale meno yanayokanyaga barabara, zimelika zikaisha. Kumbe nusu ya rundo kashata zilikuwa bado nzima, ila ubavuni pana nyufa kama udongo wa bonde lililokauka. Jua ndilo lililoyamaliza. Nilimwambia Ustadh Duro kuwa nimestaajabu, tairi kumbe hufa na nywele zake zote kichwani. Alifurahi, akanipa kipimo chake cha upepo, cha shaba, akanifundisha sheria ambayo nawaachia nyinyi: pima upepo asubuhi, gari halijatembea. Tairi la mchana lina homa, na mgonjwa wa homa hapimwi uzito.

Mnaona mteja anavyokuja adhuhuri, kapima kituo cha mafuta, kaona namba imepanda, kapunguza upepo, na sasa anajisifu. Msimcheke. Mwambieni upepo ukipata moto hutanuka, na utarudi chini wenyewe usiku. Alichopunguza mchana kitakuwa pengo asubuhi, na tairi lenye upepo mdogo ndilo linalopata moto zaidi. Kuna na wale wa mchangani. Ijumaa wanatoa upepo kwenye matairi ili gari lipande matuta ya Bidiya, na hilo ni sawa kabisa, ndivyo ifanywavyo. Kisha wanafurahi, wanakula mishikaki, wanarudi Maskati kwa mwendo wa barabara kuu na matairi yamelala kama maandazi yaliyokosa hamira. Jumamosi asubuhi tunawapokea.

Kesi iliyonifunza subira ilikuwa ya mtu mmoja wa Qantab, aliyekuwa na kitoroli cha kuvutia mashua yake. Kila baada ya muda mfupi alikuja analalamika kuwa matairi ya kitoroli tunamuuzia mabovu. Tulibadilisha, akarudi. Tulibadilisha tena, akarudi na shemeji yake aje kushuhudia. Mwisho nilimwomba nikamtazame anavyofanya kazi. Njia ya Qantab inashuka vile mnavyoijua, mtu anasoma dua bila kukumbushwa. Nikasimama ufukweni nikamwona anarudisha kitoroli nyuma mpaka magurudumu yote yakazama, na matairi yakiwa bado yana moto wa mteremko. Chumvi ilikuwa inaila ringi pale tairi linapokaa, na upepo unatoka pole pole bila ya pancha yoyote. Tairi halikuwa na kosa. Tangu siku hiyo alipumzisha kitoroli kwanza, na akitoka baharini akaosha ringi kwa maji matamu. Hakurudi kulalamika. Alirudi na samaki, na kwa bahati mbaya aliwaacha kwenye kaunta siku feni ilipoharibika.

Nimewasimulia hayo ili mjue tabia ya kazi hii. Mteja huleta tairi, lakini tatizo mara nyingi liko kwenye mazoea yake, au nyumbani kwake. Na hapo ndipo inapoingia habari ya Salum.

Salum ni jirani yangu Amerat, kijana mpole, anafanya kazi wizarani kule Maskati ya zamani, na kila siku anavuka mlima kwenda na kurudi. Ilikuwa kiangazi cha mwisho kabla sijastaafu, na sisi tulikwishahamia duka hili kubwa lenye viyoyozi. Alikuja mchana, akaegesha gari kivulini, akatazama nyuma kama anafuatwa.

"Bi Asila, nna jambo la siri."

"Kama ni la mke wa pili, sisi hapa twauza matairi tu."

Akacheka bila kutaka. "La mkwe."

"Hilo zito zaidi. Kaa."

Mkwe wake, mama wa mkewe, ni Bi Zuwena. Ana binti mwengine kaolewa Denmark, na alikwenda kukaa kwake msimu mzima wa baridi. Huko aliona gari la mkwewe wa Denmark likipita juu ya theluji kama linapita juu ya mkeka, akauliza siri yake, akaambiwa ni matairi. Bi Zuwena akaenda dukani. Akanunua manne ya kipimo cha gari la Salum, mapya, na yalipokuja kwa meli pamoja na vyombo vya jamaa waliokuwa wanahamia Maskati, akampa Salum mbele ya ukoo mzima, siku ya Idi. Ubavuni yalikuwa na alama ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji, na yeye akaiita ua. Kila akipanda gari, kwanza huinama kutazama ua lake.

"Yanaendaje?" nikamuuliza.

"Nikikata kona, gari linafika, kisha roho ya gari inakuja baadaye. Na yanalika, Bi Asila. Hata mwaka hayana. Wiki ijayo tunakwenda Salalah kwenye mvua za kharifu, mimi na mke wangu na watoto wawili na yeye Mama. Nshasoma, najua hayafai."

"Basi mwambie."

Akanitazama kama nimemwambia akavue viatu vya imamu. Nyinyi vijana wa sasa huenda mnajibizana na wakwe, sijui. Kwetu sisi, mkwe akikupa kitu, unakivaa. Akikipika, unakila. Salum katika miaka yote ya ndoa yake hakupata kumwambia Bi Zuwena hata kuwa chai ina sukari nyingi.

"Huwezi kunitafutia mengine yanayofanana?" akauliza. "Ya joto, lakini yenye ua?"

"Ya joto hayana ua."

"Basi huwezi kulichora?"

"Salum, mwanangu, kazi hii nimeifanya umri mzima, na bado sijampaka bwana harusi hina, wala tairi. Mlete mkwe wako hapa."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie fundi wa duka kasikia habari ya matairi ya Denmark, anataka kuyaona."

"Huo si uwongo?"

"Si uwongo. Nataka kuyaona."

Na kweli niliyataka, kwa sababu yalikuwa matairi mazuri. Hili lishikeni vizuri, wanangu, kabla hamjamdharau mtu aliyekuja nayo. Mpira wa tairi la baridi umechanganywa ili ubaki laini wakati dunia imeganda. Tairi letu la joto likipelekwa kwenye theluji hukakamaa kama kipande cha ubao, linateleza. Lile la baridi hubaki linashika, na vile vichale vyembamba vilivyojaa usoni mwake huuma theluji. Kwa dereva wa kawaida wa Denmark, yana faida yake kabisa. Watu husema ni gharama mara mbili, kununua seti mbili. Si mara mbili, kwa sababu seti moja inapofanya kazi, nyingine imelala stoo, na zote mbili zinaishi muda mrefu zaidi. Lakini ulaini ule ule ndio unaoliponza tairi huku kwetu. Juu ya lami ya Julai linakuwa kama samli iliyoachwa dirishani. Kashata zinayumba, breki inachelewa kushika, tairi linapata moto na kulika mbio. Sasa lipakie watu watano na mizigo, ulikimbize jangwani mchana kutwa kuelekea Salalah. Nilipomwangalia Salum nilikuwa naona njia ile ndefu isiyo na kivuli, na watoto wawili kwenye kiti cha nyuma.

Bi Zuwena alikuja na Salum kesho yake. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, buibui lake limepigwa pasi, mkononi chupa ya kahawa na sahani ya vileja iliyofunikwa. Hakukaa mpaka amelizunguka duka lote na kugusa matairi ya kwenye rafu kama mtu achaguaye mabungo.

"Nimesikia una hamu ya kuyaona," akaniambia.

"Nna hamu. Lakini kwanza nisimulie huko."

Akanisimulia. Alinieleza theluji, giza la saa tisa mchana, mjukuu wake wa kule anayekula samaki mbichi, na mkwewe wa kule anayefua nguo mwenyewe, jambo ambalo alilitaja huku akimwangalia Salum. Hilal alitaka kuingilia kati na kuanza kueleza mpira, nikamkanyaga mguu. Hili nalo lishikeni: mtu aliyeleta zawadi kutoka mbali msimkate kabla hajafika mwisho wa safari yake.

Alipomaliza nikamuuliza, "Na huyo mkweo wa Denmark, matairi haya anayavaa mwaka mzima?"

"Ah, hapana. Wakati wa joto anayavua. Anayatia stoo, anavaa mengine."

"Joto lao likoje?"

"Joto gani? Mimi joto lao nilikuwa nalivalia sweta."

Akatazama nje kupitia kioo, kule kwenye maegesho ambako hewa ilikuwa inatetemeka juu ya magari. Salum alikuwa anasoma tangazo la betri, herufi moja moja.

"Twende nje," akasema Bi Zuwena.

Tukatoka. Nilimwonyesha ashike kashata za tairi lake kwa kidole gumba na kusukuma, kisha ashike za tairi jipya la joto nililoliviringisha mpaka pale juani. Za tairi lake zilikwenda na kidole. Za lile jipya zilikaa. Akarudia mara tatu, kama mtu anayeonja mchuzi ambao hataki kukubali kuwa una chumvi. Halafu akaweka kiganja ubavuni, juu ya lile ua, akakiondoa upesi.

"Linachoma."

"Limetoka Amerat tu," nikamwambia. "Salalah ni mbali."

Nilidhani kazi imekwisha. Lakini alipoinuka, sauti ilikuwa imebadilika.

"Na wajukuu?" akauliza. "Bi Asila, mimi sikuyaleta kwa kujionyesha. Mwaka jana kule Salalah, mlimani, kwenye ukungu na ule utelezi, gari lilikwenda upande. Tulisimama kwenye tope, alhamdulillahi, hapakuwa na aliyeumia. Lakini yule mdogo aliponishika, hakumwita mama yake. Aliniita mimi. Na mimi sikuwa na la kufanya. Sasa mkiyavua haya, tutapanda mlima ule na nini?"

Wanangu, hapo ndipo nilipoelewa kuwa alicholeta si matairi, ni kinga ya wajukuu. Na swali lake lilikuwa la haki. Salalah wakati wa kharifu ni mvua ya manyunyu, ukungu, na barabara za mlima zenye utando wa tope. Aliona utelezi mmoja, akaona dawa ya utelezi mwengine, akaziunganisha. Wangapi katika sisi wangefikiri mbali hivyo?

"Salum," nikauliza, "mwaka jana gari lilikuwa na matairi gani?"

Salum akajikuna sikio. "Ya zamani."

"Ya zamani vipi?"

"Yalikuwa yameanza kwisha."

"Yameanza, au yamekwisha?" akauliza Bi Zuwena.

"Mama, nilisema yatafika tu."

"Yalifika. Yalifika kwa ubavu."

Nikawaomba waje nami nyuma, kwenye chumba cha kutawadhia. Mnavijua vile viatu vya mpira tulivyonavyo pale, vingine vimelika mpaka chini vinang'aa, na vingine vipya. Nikamwaga maji kwenye vigae. Nikampa Bi Zuwena jozi yenye upara, nikamshika mkono, nikamwambia asukume mguu mbele kidogo. Mguu ukaondoka. Akanishika kwa nguvu iliyoniacha na alama.

"Sasa hivi vipya."

Akasukuma. Mguu ukakataa.

"Mpira ni ule ule," nikamwambia. "Chumba ni kile kile. Tofauti ni hii mifereji chini, inayoyapa maji pa kukimbilia. Maji yakikosa pa kwenda, yanakubeba. Mlima wa Salalah hauna theluji, una maji na tope. Unataka tairi linalostahamili joto la njiani, na lenye mifereji ya kina kwa maji ya mlimani, na dereva asiyekuwa na haraka. Mabuti ya theluji huyavai kwenda kutawadha."

Akasimama pale kwenye maji, viatu vya duka miguuni, pindo la buibui kalishika mkononi, akifikiri. Kisha akamgeukia Salum.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama, ningesemaje? Zawadi yako."

"Nilikupa zawadi. Nilikwambia ni nguo ya kila siku? Kanzu ya harusi wavaa kwenda sokoni?" Akanitazama mimi. "Mvulie. Mtu mzima, anatembea na nguo za baridi jua kali, watu watanisema mimi."

Na hivyo ndivyo jambo lilivyokwisha. Katika muda wa kumwaga maji, kosa lilihama kwa Bi Zuwena likaenda kwa Salum, na Salum alilipokea kwa furaha ambayo sijapata kuiona kwa mtu anayegombezwa.

Tulichagua pamoja. Nilimwekea Bi Zuwena kiti karibu na rafu, nikamfundisha kutafuta herufi ya joto na zile tarakimu nne za umri. Alikataa seti ya kwanza aliyoletewa na Hilal kwa sababu ilikuwa ya mwaka juzi. "Mwanangu, hata mchele siununui wa mwaka juzi bila kuuliza umekaa wapi." Hilal akaleta mengine. Wakati mashine inazunguka na vijana wanabandika vipande vya risasi kwenye ringi ili gurudumu lisitetemeke, nilikuwa bado nalifikiri lile neno lake, kuwa hakuwa na la kufanya. Nikaenda kabatini nikachukua kipimo cha upepo, kipya, si kile cha Ustadh Duro, nikamtilia mkononi.

"Wewe ndiye mkaguzi," nikamwambia. "Asubuhi, kabla gari halijawashwa. Yote manne, na la akiba usilisahau. Namba inayotakiwa imebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ya gari lililojaa watu. Ikipungua, hamwondoki. Mchana mkisimama njiani, unatazama tu kama kuna lililovimba au lililolala, upepo usiuguse. Na mlimani, wewe ndiye utakayesema pole pole."

"Na asiposikia?"

"Huyu?" Sote tukamtazama Salum. "Huyu atasikia."

Yale manne ya Denmark tulimfungia Bi Zuwena kwenye mifuko myeusi, maana mpira unapenda giza. Yako stoo kwake mpaka leo. Ameniambia kuwa baridi ikiganda kule juu mlimani, Jebel Shams, atakuja nimvalishie, apande akaione. Nimemweleza kuwa hata Jebel Shams, hizo asubuhi chache za barafu, mtu akinywa kahawa na kusubiri jua lipande kidogo, barabara itamfungukia bila ya kununua chochote. Amesema atafikiri. Mwaka huu ameanza kuuliza bei ya nyumba ya wageni huko juu.

Siku waliyoondoka kwenda Salalah, Bi Zuwena alinipigia simu alfajiri kunisomea namba, gurudumu baada ya gurudumu, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya waliofaulu. La akiba lilikuwa limepungua. Walilijaza kabla hawajatoka. Kutoka Haima, katikati ya jangwa, alipiga tena kusema kuwa amelikuta gari la watu wasiomjua lina tairi limevimba ubavuni, kawaambia, na mwenye gari kamuuliza anafanya kazi duka gani.

Siku mbili tatu sikusikia kitu. Kisha adhuhuri moja, nimetoka tu kuswali, simu ikalia. Ilikuwa yeye, lakini ananong'ona kiasi kwamba nilitoka nje ya chumba nikidhani mtandao mbovu.

"Bi Asila. Tunashuka ule mlima."

"Kuna nini?"

"Ukungu, mtu hauoni mkono wake. Na mvua. Salum yuwaenda kama anabeba mayai, hata nyuma yetu pana msururu."

"Gari linashika?"

"Linashika."

"Basi mbona wanong'ona?"

"Mdogo kanilalia mapajani," akasema. "Kalala tangu juu."

Nyuma yake nikasikia honi ndefu, ya mtu aliyechoka kusubiri, na Bi Zuwena akimjibu kwa upole, bila kupandisha sauti, "Piga, baba. Piga tu."